Inahimili kazi, inaganda ikipumzika: uchambuzi wa kisa cha prosesa iliyopandishwa kasi

Usuli

Kompyuta ya kisa hiki iliundwa na mwenyewe, kipande kwa kipande. Prosesa ni Core i7-4770K ya Intel, ya kizazi cha Haswell kilichotoka mwaka 2013: viini 4 vya kukokotoa, nyuzi 8 (mikondo ya kazi, miwili kwa kila kiini), kasi ya kiwandani GHz 3.5, ikijipandisha yenyewe hadi GHz 3.9. Herufi K inaonyesha kwamba kizidishi chake, namba inayozidishwa na mpigo wa msingi ili kupata kasi, hakikufungwa kiwandani, na mwenye mashine aliutumia uhuru huo. Aliweka kizidishi 45 juu ya mpigo wa msingi wa MHz 100, akapata GHz 4.5 kwenye viini vyote. Volteji ya viini aliifunga kwenye 1.25. Kasi ya kache, hifadhi ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, aliiacha kama ilivyotoka kiwandani, jambo lililotusaidia sana baadaye kwa kuwa lilipunguza washukiwa. Mfumo ni Windows 10. Jina la mwenye mashine, la kampuni ya ubao mama na la pawa saplai nimeyaondoa. Hayana uzito katika kilichotokea.

Mchana mashine ilifanya kazi nzito za kuhariri video na kutengeneza picha za 3D. Usiku iliachwa inawaka ili kompyuta nyingine zihifadhi nakala za mafaili humo. Ukipiga hesabu, kati ya saa 24, kama saa 14 hivi haikuwa na kazi ya maana. Hapo ndipo malalamiko yalipoanzia. Ukifungua CPU-Z, programu inayoonyesha kasi na volteji ya prosesa, wakati wowote, hata kama hakuna programu nyingine iliyofunguliwa, kasi ilisomeka MHz 4500 na haikuteteruka. Feni hazikunyamaza. Kipima umeme kilichochomekwa kati ya soketi na mashine kilionyesha wati 96 wakati hakuna kinachofanyika.

Alichotaka ni haki yake kabisa: prosesa ikimbie GHz 4.5 ikiwa na kazi, na ishuke ikiwa haina.

Njia mbili za kupumzika

Kabla ya kueleza tulichofanya, kuna jambo lazima liwekwe wazi, kwa sababu kisa kizima kinaegemea hapo. Prosesa ina njia mbili tofauti za kupunguza umeme, na watu wengi huzichukua kama kitu kimoja.

Ya kwanza ni hali za P. Hapa kiini kinaendelea kufanya kazi ila kwa kasi ndogo zaidi na, volteji ikiruhusiwa kufuata, kwa volteji ndogo zaidi. Kwenye prosesa za Intel za wakati huo mfumo huu unaitwa SpeedStep, na kwenye baadhi ya BIOS, yaani programu ya ubao mama yenye mipangilio ya mashine, utaukuta kwa kifupi EIST. Kwa 4770K ngazi ya chini kabisa ni kizidishi 8, yaani MHz 800.

Ya pili ni hali za C. Hapa kiini hakifanyi kazi yoyote. Kimelala, na swali ni kimelala usingizi wa kina gani. Kwenye C1 mpigo wa saa unasimamishwa tu. Kwenye C3 kache za kiini chenyewe zinamwagwa kwenda kache ya pamoja. Kwenye C6 kiini kinahifadhi hali yake yote mahali pa pembeni kisha kinakatiwa umeme karibu kabisa. C7 inakwenda mbele kidogo, kwa kuwa hata kache ya pamoja inaweza kumwagwa. Kuzinduka kutoka C6 kunachukua muda, lakini ni muda mdogo mno: jedwali la kernel ya Linux kwa prosesa za Haswell linaandika mikrosekunde 133 kwa C6 na 2 kwa C1.

Umeme unaoliwa na kiini kinachofanya kazi unakwenda na kasi mara volteji mara volteji. Ukishuka kutoka GHz 4.5 kwa volti 1.25 hadi GHz 0.8 kwa volti 0.70, unabaki na asilimia kama 6 ya umeme ule wa kazi. Ni punguzo kubwa, na ndilo linalowavutia watu kwenye hali za P. Ila kiini kisicho na kazi hakihitaji kusubiri kasi ishuke. Kikiingia C6, kasi na volteji vyote havina maana tena kwake, kwa sababu hakipokei umeme wa kuhesabika. Kwa hiyo namba ya kasi inayoonekana kwenye skrini haikuambii mashine inakula kiasi gani ikiwa imetulia.

Awamu ya kwanza: kasi inayokataa kushuka

Tulianza upande wa Windows, kwa kuwa ndio rahisi kukagua na kurudisha. Mpango wa umeme ulikuwa ule wa utendaji wa juu, ambao kiwango chake cha chini cha prosesa ni asilimia 100. Mwenye mashine aliuchagua zamani akifuata mwongozo fulani wa kupandisha kasi, akasahau. Tulimrudisha kwenye mpango wa wastani, ambao kiwango cha chini ni asilimia 5. Papo hapo CPU-Z ikaonyesha MHz 800.

Yeye alifurahi. Mimi nilitazama kipima umeme: wati 92. Kasi imeshuka zaidi ya mara tano, na umeme umepungua wati 4 tu.

Hilo lilitupeleka BIOS. Hali za C zilikuwa kwenye "Auto". Neno hilo linatuliza moyo, lakini kila mtengenezaji analitafsiri anavyotaka, na kwenye ubao huu lilikuwa na maana kwamba mtumiaji akigusa kizidishi kwa mkono, hali za C zinazimwa zote kasoro C1. Hakuna onyo lolote linaloonyeshwa. Tulifungua C3, C6 na C7 kwa mkono, moja moja, tukiwasha mashine kila mara na kusoma HWiNFO, ambayo inaonyesha kila kiini kimetumia asilimia ngapi ya muda wake kwenye hali ipi. Viini vilipoanza kulala C7 kwa zaidi ya tisa ya kumi ya muda, kipima umeme kilitua kwenye wati 61.

Tuliendesha pia amri ya powercfg /energy, inayoichunguza mashine kwa sekunde 60 na kutoa ripoti. Ilimtaja mkosaji mmoja mdogo, programu ya sauti iliyokuwa inaudai mfumo uamke kila milisekunde 1 badala ya 15.6 za kawaida. Iliondolewa kwenye orodha ya zinazojiwasha.

Volteji tuliiacha ilipokuwa, 1.25 isiyobadilika. Sababu yangu ilikuwa kwamba thamani hiyo ilishathibitishwa kwa miaka kwenye GHz 4.5, na kasi ndogo zote zinahitaji chini ya hapo, kwa hiyo hakuna ngazi ambayo ingebaki na njaa ya umeme.

Awamu ya pili: mwenye mashine anafuata volteji

Siku chache baadaye aliona kwamba CPU-Z inaonyesha MHz 800 huku volteji ikisomeka 1.25 ile ile, na hilo lilimkera. Alikuwa amesoma kwamba volteji isiyoshuka inaichosha prosesa kabla ya wakati. Wasiwasi huo unaeleweka, lakini unasahau C6: kiini kilicholala humo hakipokei hiyo 1.25, hata kama namba inayosomwa ni ya kiini kilichozinduka kwa ajili ya kuisoma.

Alibadili mtindo wa volteji kutoka ule wa kudumu kwenda "Offset". Kwenye mtindo huo prosesa inafuata jedwali lake la ndani, linaloiambia kila kasi inahitaji volteji gani, na mtumiaji anaongeza au kupunguza kiasi kilekile kwenye jedwali zima. Kwa GHz 4.5 mashine ilijipa 1.33, nyingi kuliko aliyoizoea. Akaandika punguzo la 0.080 ili arudi 1.25. Jioni hiyohiyo alipandisha toleo la BIOS na kubadili nafasi ya kadi za memori (RAM). Aliendesha jaribio la mzigo kwa saa nyingi na halikutoa kosa hata moja. Kipima umeme, mashine ikiwa imetulia, kilisoma wati 58.

Kisha mashine ikaanza kuganda. Asubuhi aliikuta skrini nyeusi, kibodi haijibu, na kompyuta nyingine zimeshindwa kuhifadhi nakala tangu usiku. Dawa ilikuwa kushikilia kitufe cha kuwashia hadi izime. Mara nyingine iliganda mchana, sekunde chache baada ya yeye kurudi kwenye kiti na kufungua kivinjari. Alinieleza hivi: "Fundi, nikiipa kazi haigomi. Inagoma nikiiacha."

Sentensi hiyo ilikuwa na nusu ya jibu.

Mshukiwa aliyependwa na wengi

Kabla hajanirudia, alikuwa ameshabadilisha pawa saplai. Hakufanya hivyo kwa kubahatisha. Haswell ilipotoka kulikuwa na tahadhari ya kweli kuhusu jambo hili: ikiwa kwenye usingizi wa kina, prosesa inaweza kuchukua mkondo mdogo hadi ampea 0.05 kwenye njia yake ya volti 12, wakati vizazi vilivyotangulia viliihitaji pawa saplai ihimili kushuka hadi ampea 0.5. Ampea 0.05 kwa volti 12 ni wati 0.6. Baadhi ya pawa saplai za zamani haziwezi kushikilia volteji sawasawa mzigo ukiwa mdogo kiasi hicho, nyingine hujizima. Yake ilinunuliwa kabla ya Haswell, na kuganda kulianza baada ya C7 kufunguliwa. Kila kitu kilikuwa kinaielekea.

Aliazima nyingine ya kizazi kipya, akaifunga, mashine ikaganda usiku uleule. Hapo akakata tamaa na kutaka kurudisha kila kitu kama zamani, wati 96 na kelele zake. Nilimwomba asubiri, kwa sababu kulikuwa na mahali hapajaangaliwa.

Kumbukumbu za mfumo

Kila kuganda kulikuwa kumeacha tukio namba 41 la Kernel-Power, likiwa na msimbo wa kosa 0. Hilo linasema tu kwamba mashine iliwashwa tena bila kuzimwa kwa utaratibu na kwamba Windows haikuwahi kuandika sababu. Halina msaada zaidi ya kutupa saa ya tukio.

Msaada ulikuwa kwenye matukio ya WHEA-Logger namba 19. Haya ni makosa ya vifaa ambayo prosesa imeyagundua na kuyasahihisha yenyewe, kwa hiyo hayasimamishi kazi wala hayamwonyeshi mtumiaji chochote. Yalikuwa yamejaa. Aina ya kosa ilikuwa pariti ya ndani, yaani data ndani ya prosesa haikulingana na alama yake ya ukaguzi, na mahali palipoandikwa namba ya APIC, inayotambulisha uzi, palikuwa na 4 karibu kila mara, mara chache 5. Kwenye prosesa yenye nyuzi mbili kwa kila kiini, 4 na 5 ni nyuzi za kiini kimoja, cha tatu ukihesabu kutoka mwanzo.

Nilipanga saa za matukio hayo pembeni ya saa za kazi zake. Wakati wa kutengeneza picha za 3D, viini vyote vikiwa vimebanwa, hakuna tukio hata moja. Yalianza dakika chache baada ya kazi kwisha, yakaendelea usiku kucha kwa vipindi, na tukio la 41 lilikuja baada ya mlolongo wao. Pawa saplai inayoyumba haichagui kiini cha tatu peke yake. Kosa linalorudi kwenye kiini kimoja linanuka volteji ndogo: katika prosesa yoyote kuna kiini dhaifu kuliko wenzake, na ndicho kinachopiga kelele wa kwanza.

Jaribio la njia nne

Swali sasa lilikuwa volteji ndogo wapi: kwenye ngazi za chini za kasi, au kwenye kuingia na kutoka usingizini? Tulikuwa na swichi mbili, hali za P na hali za C, na kila moja inaweza kuwashwa au kuzimwa. Kabla ya kuzigusa tulirudisha kadi za memori mahali pake pa mwanzo, ili jibu lisiwe na tafsiri mbili. Punguzo la 0.080 liliachwa palepale makusudi.

Zote zikiwa zimewashwa, mashine iliganda; hilo tulilijua. Zote zikiwa zimezimwa, ilikuwa mashine ya zamani yenye kula wati nyingi, na haikutoa kosa. Uzito ulikuwa kwenye njia mbili za katikati.

Hali za C zikiwashwa na SpeedStep ikizimwa, kizidishi kinabaki 45 huku viini vikilala C7 vipendavyo. Hapa kuna mtego unaowapotosha wengi: C1E. Hiyo ni aina ya C1 ambayo, viini vyote vikitulia, inashusha kasi na volteji hadi ngazi ya chini hata kama SpeedStep imezimwa. Usipoizima, unadhani unapima hali za C peke yake kumbe hali za P zimeingia kwa mlango wa nyuma. Tuliizima. Mashine ililala na kuamka usiku mzima, na usiku uliofuata, bila tukio hata moja la WHEA.

Kisha kinyume chake: SpeedStep ikawashwa, C3 hadi C7 zikazimwa. Viini sasa havilali usingizi wa kina ila vinashuka hadi MHz 800. Matukio ya 19 yalirudi saa ileile ya kwanza, kiini kilekile, na kabla ya asubuhi mashine ikaganda.

Pawa saplai ilikuwa imesafishwa jina, na C7 pia. Tatizo lilikuwa kwenye ngazi za chini za kasi. Nilitaka ushahidi mmoja zaidi, ule unaotenganisha kupandisha kasi na punguzo la volteji. Tuliondoa upandishaji kasi wote, prosesa ikarudi GHz 3.5 na 3.9 za kiwandani, tukabakisha punguzo la 0.080 tu. Makosa yakaja. Tukaliondoa punguzo, hatukugusa kingine. Makosa yakaisha. GHz 4.5 haikuwa na hatia.

Kwa nini 0.080 ilifaa juu na kuua chini

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Punguzo ni lilelile kwa kila kasi, lakini halina uzito uleule. Kwenye GHz 4.5 lilitoa 0.080 kutoka 1.33, ambayo ni asilimia 6. Kwenye MHz 800, ambako jedwali la prosesa hii lilitoa kama 0.70, liliondoa zaidi ya asilimia 11 na kuacha 0.62. Ni kama kukata shilingi kumi kwa mwenye mia na kwa mwenye hamsini.

Zaidi ya hapo, juu kulikuwa na ziada na chini hakukuwa nayo. 1.33 ilikuwa makadirio mapana ya kasi isiyo ya kiwandani, ndiyo maana mashine iliishi na 1.25 kwa miaka. Thamani za ngazi za chini zilipimwa kiwandani na kubakiziwa nafasi ndogo ya usalama. Mwenye mashine alikata kwenye ziada ya juu, akakata pia mahali ambapo hapakuwa na cha kukatwa.

Jaribio la mzigo halingeweza kuligundua hilo hata kama lingeendeshwa wiki nzima, kwa kuwa kazi yake yote ni kuibakiza prosesa kwenye ngazi ya juu. Linaonyesha kwa uaminifu kwamba 1.25 inatosha GHz 4.5. Kuhusu MHz 800 halina habari.

Uamuzi

Kulikuwa na njia mbili za kwenda mbele. Ya kwanza ilikuwa mtindo wa "Adaptive", ambao kwenye Haswell unakuruhusu kuweka volteji unayotaka kwa kasi za juu tu, huku ngazi za chini zikifuata jedwali la kiwandani bila kuguswa. Kinadharia ndio unaomfaa zaidi, na tuliujaribu kwanza. Tuliweka 1.25 juu, punguzo sifuri. Makosa ya WHEA hayakuonekana, na wati zilibaki 58.

Ila Haswell ina tabia moja kwenye mtindo huo: kazi nzito za maagizo ya AVX, yanayokokotoa namba nyingi kwa mkupuo, zinaifanya prosesa ijiongezee volteji yenyewe juu ya uliyoandika, na BIOS haina namna ya kuizuia. Anayeendesha Prime95, programu ya jaribio la mzigo, kuanzia toleo la 28, ambalo linatumia AVX2, huliona hilo haraka. Programu ya 3D ya mwenye mashine nayo ilikuwa inatumia maagizo hayo. Volteji ilipanda hadi karibu 1.34, na joto la viini likafika nyuzi za Selsiasi 97, wakati kikomo cha prosesa hii ni 100. Kwa mtu anayetengeneza picha kwa saa nyingi kila siku, hilo halikubaliki.

Ya pili ilikuwa kurudi kwenye 1.25 ya kudumu, SpeedStep na hali zote za C zikiwa zimewashwa, yaani hasa pale tulipokuwa tumefika mwishoni mwa awamu ya kwanza. Tulichagua hii. Gharama yake ni wati 3 mashine ikiwa imetulia.

Matokeo

Kabla ya kuirudishia kazi zake tulitengeneza jaribio la vipindi, na naliona ndilo zao bora la kisa hiki. Ni faili dogo la amri linaloendesha kipimo cha 7-Zip, programu ya kubana mafaili, kwenye uzi mmoja kwa sekunde 20, linakisimamisha, linasubiri sekunde 40, kisha linahamia kiini kingine. Kuhamisha kunafanywa na amri ya start yenye kigezo cha affinity, kinachochagua uzi wa kutumika: 1 kwa kiini cha kwanza, 4 kwa cha pili, 10 kwa cha tatu, 40 kwa cha nne, zote zikiwa namba za heksadesimali. Kwa namna hiyo kila kiini kinalazimishwa kupanda kutoka chini kabisa hadi juu na kushuka tena, usiku kucha, kimoja kimoja. Tulipolijaribu na punguzo la 0.080 likiwa bado lipo, kiini cha tatu kilitoa makosa mara tu zamu yake ilipofika. Kwa mipangilio ya mwisho kilikaa kimya.

Pawa saplai ya zamani ilirudishwa. Wiki kadhaa zimepita, C7 ikiwa imewashwa, na haijayumba. Ile ya kuazima imerudi kwa mwenyewe. Mashine ikitulia inakula wati 61 badala ya 96. Kwa saa 14 kwa siku, tofauti ya wati 35 ni kama kilowati-saa 179 kwa mwaka. Kazi ya mchana haikupungua kasi hata kidogo.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kipima umeme cha kwenye soketi. Bila hicho, MHz 800 kwenye skrini ingeonekana ushindi na tungefunga kazi tukiwa tumeokoa wati 4. Ukiziweka hatua zote kwenye mstari mmoja, picha inashangaza: mpango wa umeme wa Windows ulileta wati 4, hali za C zikaleta 31, na kushusha volteji, hatua pekee iliyoleta hatari, kulileta 3. Wati 3 kwa saa zilezile ni kilowati-saa 15 kwa mwaka. Kwa hizo mwenye mashine alipoteza nakala za mafaili, akaazima pawa saplai, na akakaribia kutupa wati 31 ambazo hazikuwa na kosa lolote. Ninaamini hesabu hii ingefanywa kabla ya kugusa "Offset", isingeguswa.

Kilichofaa cha pili ni kutenganisha P na C. Watu wengi wakikutana na kuganda mashine ikiwa imetulia, wanazima vyote kwa pamoja, kuganda kunaisha, na wanabaki wakiamini kwamba prosesa iliyopandishwa kasi haipatani na kupumzika. Si kweli. Swichi mbili na usiku chache vilitosha kuonyesha nani hasa mwenye kosa, na C1E ndiyo pekee inayohitaji uangalifu.

Yaliyoshindwa yako zaidi kwenye mpangilio wa kazi kuliko kwenye vifaa. Jioni moja ilibeba mabadiliko matatu: volteji, toleo la BIOS, nafasi za memori. Kila moja lina uwezo wa kuigandisha mashine, na ndiyo sababu pawa saplai ilipata nafasi ya kushukiwa kirahisi vile. Tahadhari ya ampea 0.05 ilikuwa ya kweli na bado inafaa kukumbukwa na mwenye pawa saplai ya zamani. Kosa lilikuwa kuichukua kama utambuzi. Matukio ya WHEA yalikuwepo tangu usiku wa kwanza na hayakufunguliwa, na kuyafungua hakugharimu kitu.

Kuhusu "Auto", msimamo wangu ni mkali. Kwenye mashine ya kiwandani liache. Kwenye mashine ambayo kizidishi kimeguswa, kila kipengele cha usimamizi wa umeme kiandikwe kwa mkono, hata kama thamani ni ileile uliyodhani "Auto" ingechagua, kwa sababu toleo jipya la BIOS linaweza kuitafsiri upya bila kukuuliza. Mwenye mashine sasa ana wasifu uliohifadhiwa ndani ya BIOS, na picha za kurasa zake zote zimo kwenye kompyuta nyingine.

Anapanga kuhamia Ryzen, prosesa za AMD, na ameshauliza kama kisa kitajirudia. Kule kuna kipengele cha Curve Optimizer kinachopunguza volteji kwa kila kiini kivyake, na tabia inafanana: punguzo linapita jaribio la viini vyote, kisha mashine inazima kwenye kazi nyepesi, safari hii mara nyingi kwa sababu kiini kimoja kikiachwa peke yake hupanda kasi kubwa ambayo jaribio la viini vyote halifiki. Pia kuna mpangilio wa BIOS uitwao Power Supply Idle Control kwa wenye pawa saplai isiyopenda mzigo mdogo. Faili lile la amri litamfaa vilevile, ila namba za affinity ziongezwe kufuata idadi ya viini, na kiini kikitoa kosa punguzo lirudishwe kwa hicho peke yake.